Kodi ya jengo: Wepesi wa kulipa na haki ya anayelipa

Chukua nyumba moja ya kupangisha hapa Maji ya Chai, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Ina vyumba sita na mita moja ya umeme. Mwenye nyumba anaishi mjini Arusha. Mwezi umeanza, umeme umekwisha usiku, na zamu ya kununua imemwangukia mama anayeuza maandazi. Ananunua umeme wa shilingi 5,000, lakini kabla ya kupata uniti zimeshakatwa shilingi 1,500. Mama huyo amelipa kodi ya jengo. Jengo si lake.

Utaratibu huu ulianza Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 kiwango kikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Wapangaji walipolalamika, waliambiwa wamdai mwenye nyumba. Ndugu msomaji, ni wapangaji wangapi wenye ubavu wa kumdai mwenye nyumba shilingi 1,500?

Wapo wanaosema dawa ni kufanya kama wenzetu wa Marekani, ambako serikali nyingi za mitaa hupokea kodi ya nyumba kwa kadi ya mkopo. Mwenye nyumba analipa mwenyewe, kwa jina lake, hata kama siku hiyo hana fedha. Hoja hii ina uzito, na tusiidharau. Kodi ni deni, na Mtume (s.a.w) amefundisha kwamba mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Barabara, shule na zahanati haziendeshwi kwa ahadi.

Lakini tuitazame kadi hiyo kwa macho mawili. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hakumaliza deni, amelihamisha. Jana alidaiwa na halmashauri, leo anadaiwa na benki. Kwa kawaida huongezewa ada ya kutumia kadi, na asipolipa kwa wakati huanza kuhesabiwa riba, ambayo kwa kadi za Marekani katika miaka ya karibuni imepita asilimia 20 kwa mwaka.

Atasema mtu: akilipa benki kabla ya tarehe, riba haimgusi. Ni kweli. Lakini mwenye fedha ya kulipa kwa wakati hakuihitaji kadi hiyo. Kadi ya kawaida ya benki au simu ingemtosha. Anayeihitaji hasa ni yule asiye nacho, na huyo ndiye riba inamsubiri. Qur'an, katika Suratul Baqara aya ya 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Haikuagiza apelekwe kwa mkopeshaji mwingine. Na katika riba, Mtume (s.a.w) hakumlaani mlaji peke yake. Amemtaja pia mtoaji, mwandishi na mashahidi. Je, halmashauri inayofungua dirisha la namna hiyo itasema haimo?

Hapa ndipo LUKU inapotufundisha jambo. Ubaya wake ni kwamba inamkata asiyedaiwa, bila ridhaa yake, kwa kuwa tu giza limemfika yeye kwanza. Lakini ina uzuri wake: deni la shilingi 18,000 limegawanywa mara 12, na hakuna hata senti iliyoongezwa kwa sababu ya kugawanywa. Ni awamu bila riba. Kumbe inawezekana! Kinachotakiwa ni awamu hizo hizo, zilipwe na mwenye jengo kwa namba yake ya malipo, kwa fedha aliyonayo. Tuchukue subira ya LUKU na tuchukue jina la mwenye deni kutoka kwenye kadi. Riba tuiache huko huko.

Hilo ni la serikali. Letu sisi halingoji Bunge. Waislamu wengi tunamiliki nyumba za kupangisha, Arusha mjini, Usa River, Tengeru na hapa Maji ya Chai. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratun Nisaa aya ya 29, kula mali za wenzetu kwa batili. Shilingi 1,500 za mama wa maandazi ni mali yake. Mwenye nyumba akinyamaza miezi 12, amekula 18,000, na udogo wa fedha hauifanyi kuwa halali.

Basi mwezi huu, kabla hujapokea kodi ya pango, uliza ni nani aliyekatwa kodi ya jengo lako, umrudishie. Usingoje adai. Anaweza asidai kamwe hapa duniani.

Wallahu a'alam.