Mtu na Maradhi Yake

Maradhi humjia mtu bila ya hiari yake, lakini maneno ya kumtaja huchaguliwa. Kwa sababu hiyo mwandishi wa habari hana udhuru anapomvika mtu ugonjwa kuwa ndilo jina lake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Mwaka huo huo, mjini Denver, Marekani, watu wenye maradhi hayo walikutana wakakataa kuitwa wahanga. Walitaka waitwe watu wenye ukimwi. Ombi hilo lilichelewa kufika kwetu. Kwa miaka mingi magazeti na redio zetu ziliwaita "waathirika". Neno hili humwonyesha mtu kuwa ni mtendwa tu: jambo limempata, na habari yake imekwisha. Kibaya zaidi ni kitenzi "kukiri". Mwenye kisukari husema gazetini kuwa ana kisukari. Mwenye virusi vya ukimwi aghalabu "hukiri". Kukiri ni kazi ya mshtakiwa mbele ya hakimu.

Namjua fundi cherehani mmoja aliyeandikwa hivyo. Alinionyesha gazeti akasema, "Mwalimu, nimewashonea sare watoto wa mtaa huu miaka kumi na miwili. Humu yamo maradhi yangu na sura yangu. Cherehani yangu haimo."

Yamkini mtu atasema kuwa maneno makali huwaonya vijana. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya ukweli zamani, dawa zilipokuwa hazijapatikana. Leo mtu anayemeza dawa kila siku, hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Aibu inayomzuia mtu kwenda kupimwa ndiyo inayoeneza maradhi.

Mwingine atasema neno limekwisha kubadilishwa: sasa twasema "watu wanaoishi na virusi". Ni kweli, na ni jambo jema, maana kitenzi "kuishi" kimeingia. Lakini neno jipya halitoshi ikiwa habari yenyewe haina maisha ndani yake.

Basi mwandishi na ajiulize kabla ya kuandika: je, maradhi haya yanahusu habari hii? Kama hayahusu, yaachwe. Kama yanahusu, mtu atangulie na maradhi yafuate. Kwa kipimo hicho rafiki yangu angaliandikwa fundi kwanza, naye angalilionyesha gazeti lile kwa watoto wake.