Uvivu wa Wenye Vipaji

Katika Ocean's 11, filamu ya mwaka 1960, wanaume 11 waliopigana pamoja Vita vya Pili vya Dunia wanapanga kupora kasino tano za Las Vegas kwa usiku mmoja, mkesha wa Mwaka Mpya. Ukisikia hivyo unajiweka sawa kitini. Kisha muda mrefu unapita wakipiga soga na kunywa. Frank Sinatra anatamka maneno yake kama mtu anayesoma risiti. Usiku, yeye na rafiki zake walitumbuiza katika hoteli ya Sands. Mchana walirekodi filamu, na uchovu unaonekana. Mwongozaji ni Lewis Milestone, yuleyule wa All Quiet on the Western Front ya 1930. Humu ni kama anawabembeleza tu wasiondoke.

Nilikasirika. Halafu nikajiuliza, wamenikosea nini hasa? Watu walilipa kuwaona, na wanaonekana. Mtu ambaye nusu ya kipaji chake inazidi kipaji kizima cha mwingine, akitupa hiyo nusu, bado ana deni? Nilikaribia kusema hana. Na nikiri, kuna raha fulani kumtazama mtu asiyehangaika kunipendeza.

Aliyenikwamisha ni Sammy Davis Jr. Yeye ndiye dereva wa lori la taka. Anaimba, na kila anapotokea yumo kazini kwelikweli. Kwa miaka mingi wasanii Weusi walitumbuiza katika hoteli za mji ule bila kuruhusiwa kulala humo. Wenye kasino walikubali kuacha ubaguzi huo Machi 1960, filamu ikiwa imekwisha kurekodiwa mjini. Lipo tukio ambapo wenzake wanajipaka weusi usoni ili wasionekane gizani, wakitaniana, na lori ni lake. Naye anatania pamoja nao.

Hapo hasira yangu ilibadilika sura. Sinatra aliweza kuzembea na kesho yake mlango ukamfungukia. Davis angezembea, nani angesema amechoka tu? Wangesema ndivyo walivyo.

Mwishoni fedha zimefichwa ndani ya jeneza la mwenzao, na mjane anaamua maiti ichomwe. Zote zinateketea. Wanatoka wakitembea kimya, wanapita chini ya bango la Sands lenye majina yao halisi. Sauti inayowasindikiza ni ya Davis.