Kinda wa Kasuku na Mkono Unaomlisha

Kuna kasuku mdogo ambaye dunia nzima inamfuga, lakini kwao ni huku kwetu, katika nyanda kavu za kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Serengeti na Maswa hadi Meatu, ambako Mwanhuzi ndiyo makao makuu ya wilaya. Urefu wake ni sentimita 14 au 15. Mgongo wake ni wa kijani, uso na koo vya rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na jicho lake limezungukwa na duara jeupe. Mwaka 1887 Mjerumani Anton Reichenow alimwandika katika elimu ya ndege kwa jina la Mjerumani mwenzake aliyesafiri pande hizi, Gustav Fischer. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1987, kasuku huyo alihesabiwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani. Umoja wa Ulaya ulikataza kabisa uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2007, na mwezi Mei 2016 Serikali ya Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Hata hivyo biashara haikufa, ilihamia vizimbani. Leo wengi wa kasuku wa Fischer walioko Ulaya, Asia na Marekani wametotolewa utumwani, na baadhi yao wamelelewa kwa bomba la sindano. Ninachouliza hapa ni hili: je, mkono unaomlisha kinda kwa bomba hilo ni mkono wa huruma?

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kinda hutolewa kwenye kiota akiwa na umri wa wiki mbili au tatu, macho yamefumbuka juzi tu, manyoya yangali vijiti. Unga maalumu hukorogwa na maji hadi uwe uji mwepesi, na joto lake lazima liwe nyuzi 39 hadi 41. Ukipoa zaidi, chakula hulala na kuchacha ndani ya kile kifuko cha shingoni ambacho ndege hutunzia chakula kabla hakijashuka tumboni. Ukizidi kuwa moto, huunguza kifuko hicho hadi kutoboka. Bomba lisilo na sindano huingizwa pembeni mwa mdomo. Kinda hunyoosha shingo, hutikisa kichwa juu chini kwa pupa na kuvuta. Anayesukuma bomba wakati kinda hajavuta humpelekea uji mapafuni, na kinda huyo anaweza kufa mikononi mwake. Ni kazi inayorudiwa mara nyingi kwa siku, inayotaka uvumilivu na usafi. Anayeifanya vizuri amechoka kweli, na simnyimi sifa ya uchovu wake.

Lakini uchovu si ushahidi wa huruma. Njaa anayoituliza mlishaji ameianzisha yeye mwenyewe. Saa moja kabla ya kutolewa kiotani, kinda alikuwa na mlishaji wake. Kwa kasuku hawa, dume humtapishia jike chakula, naye jike huwalisha makinda, na wazazi huendelea kuwalisha mpaka waruke wakiwa na siku kama 38. Anayempokonya mtu fimbo kisha akamshika mkono kumvusha barabara hawezi kudai shukrani ya msaada. Na biashara inaitaka njaa hiyo kwa sababu maalumu: kinda huwatambua kama jamaa zake wale wanaomshibisha. Akilishwa na binadamu, humwona binadamu kuwa wa kundi lake, na hapo huuzwa kwa bei nzuri akiitwa mpole, mwenye mapenzi.

Hapa dini zetu zina la kusema, na zinasema kwa undani kuliko tunavyozoea kusikia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 6 na 7, inamwelekeza mtu aliyekuta kiota njiani: anaweza kuchukua makinda, lakini mama amwachie aende zake. Wengi huisoma kama ruhusa yenye sharti dogo. Mimi naona uzito wote uko kwenye sharti. Ndege wa porini hakamatwi kirahisi kwa mkono. Anakamatika akiwa kiotani tu, kwa sababu hataki kuwaacha watoto. Anayemkamata hapo amelifanya pendo la mama kuwa mtego. Torati inamruhusu mtu mwenye njaa ale, lakini inamkataza asinase kiumbe kwa kutumia lililo jema ndani ya kiumbe huyo. Sasa lipime bomba kwa kanuni hiyo. Kinachomnasa kinda si kamba wala ulimbo. Kinachomnasa ni imani yake, ile hali ya kila mtoto ya kumwamini anayemlisha. Mtego umegeuzwa upande, kutoka pendo la mama kwenda imani ya mtoto, lakini ni mtego uleule.

Waislamu nao wana hadithi iliyo katika Sunan Abu Dawud, iliyopokewa kutoka kwa Abdullah ibn Mas'ud. Wakiwa safarini, masahaba walichukua makinda wawili wa ndege mmoja, na mama akaja akitandaza mbawa na kurukaruka. Mtume aliuliza ni nani aliyemuumiza ndege yule kwa sababu ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuuliza kama makinda wamelishwa vizuri, wala kama waliowachukua wana nia njema. Aliyeangaliwa kwanza ni mama. Katika mjadala wote wa kulisha kasuku kwa bomba, kuhusu aina ya unga, kipimo cha joto na ukubwa wa bomba, mama ndiye asiyetajwa. Wafugaji wengi humpokonya makinda mapema ili arudi kutaga haraka. Kwake yeye, huruma ya bomba ni msiba unaojirudia mara kadhaa kwa mwaka.

Atajibu mtu, na atajibu kwa haki, kwamba Uislamu haukukataza kufuga ndege. Kuna Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege wake mdogo. Ndege alipokufa, Mtume alimtania kwa upole na kumliwaza, na wanazuoni wakaichukua hadithi hiyo kuwa dalili kwamba kufuga ndege kunajuzu. Naikubali dalili hiyo. Lakini hadithi mbili zikisimama pamoja, haifai moja ifukiwe ili nyingine istawi. Ya Abu Umayr inahusu kuwa na ndege. Ya makinda wawili inahusu namna ya kumpata. Anayetaka kufuga na awe na hoja ya kwanza bila kuivunja ya pili.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa watu wanaowajua kasuku. Wanasema ndege aliyelelewa na wazazi wake huogopa watu, huuma, huishi kizimbani kwa hofu. Kwa hiyo, wanasema, bomba ni kwa faida yake. Hoja hii ingenitikisa kama ingekuwa kweli. Mwaka 1999 watafiti Aengus na Millam wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio walilolifanya kwa kasuku wa Amazoni: makinda waliachwa kwa wazazi wao, wakalishwa na wazazi wao, ila walishikwashikwa na watu kwa muda mfupi kila siku. Wakatoka wapole. Upole, basi, hauhitaji njaa. Na miaka ya nyuma kidogo, mwaka 1988, chuo hichohicho kilitoa utafiti juu ya kasuku wadogo wa Australia ulioonyesha gharama ya upande wa pili: madume waliolelewa kwa mkono hawakujua vyema kukagua kiota, na majike waliolelewa hivyo mara nyingi walitaga mayai sakafuni. Tumbo lao lilijazwa, lakini kile ambacho ndege hujifunza akiwa chini ya mbawa za mama hakikujazwa na mtu.

Wengine watauliza: mbona hatumlaumu mfugaji wa Kisukuma anayemfunga ndama nyumbani na kumkamua mama yake? Swali ni zuri, maana Meatu ni nchi ya ng'ombe. Lakini tazama anachofanya mchungaji. Humwachia ndama sehemu ya maziwa. Jioni ng'ombe akirudi, ndama humtambua mama na mama humtambua ndama. Na ndama yatima akinyweshwa kwa chupa, shabaha ni afike siku ya kula majani pamoja na wenzake. Kulisha huko kuna mwisho unaokusudiwa. Hapo ndipo naona mpaka ulipo. Kumlisha mtoto yeyote, wa mtu au wa mnyama, ni kumtayarisha asikuhitaji. Ndiyo maana tunasema mtoto ameachishwa ziwa, na tunafurahi. Anayelisha ili ahitajike daima amefanya kitu kingine, hata kama chombo ni kilekile na uji ni uleule.

Kwa kipimo hicho sina ugomvi na bomba lenyewe. Kasuku mzima aliyeugua hadi hawezi kutafuna, akalishwa na daktari wa mifugo mpaka apate nguvu, amehurumiwa. Kinda aliyeangushwa na upepo, ambaye wazazi wake wamekufa, naye vilevile. Lakini kasuku mzima mwenye afya, anayepewa uji kila jioni kwa sababu mwenye nyumba anapenda kumwona akiomba kama kinda, amezuiwa kukua. Hadithi inayojulikana ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka inasema hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Milango ilikuwa miwili. Sisi tumeukariri ule wa kulisha tukausahau wa pili, ule wa kumwacha ajitafutie riziki Mungu aliyoitawanya ardhini.

Huku kwetu huo mlango wa pili ungali wazi. Kasuku wa Fischer bado wanaruka makundi makundi juu ya mashamba ya mtama na uwele, na wanaingia kwenye matundu ya miti mikavu na viota vilivyoachwa na kwera. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwakamata bila kibali. Basi ombi langu kwa msomaji wa Mwanhuzi na vijiji vyake ni dogo. Ukikuta kinda chini ya mti, usimtafutie kizimba. Mrudishe kwenye tundu lake kama unalifikia. Mama hatamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Kama hulifikii, au kama ameumia, mpeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, na umwambie ulimkuta chini ya mti gani.