Mgongo Wako Nao Una Haki Juu Yako

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Katika msikiti wetu wa chuo viti vya safu ya nyuma vinaongezeka, na wanaovikalia si wazee. Ni vijana wenzetu ambao mgongo hauwaruhusu kurukuu. Simlaumu hata mmoja. Sahaba Imran bin Husayn (R.A.) aliugua bawasiri, akamwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu swala, naye akamfundisha aswali amesimama; asipoweza, ameketi; asipoweza, kwa ubavu. Hiyo ni ruhusa ya Mola wetu, haina aibu. Lakini ruhusa hii ni ya asiyeweza. Je, tunafanya juhudi ya kuweza tena?

Wapo wanaosema maumivu ni mtihani, tusubiri tu. Subira ni ibada, ila haipingani na matibabu. Mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaagiza wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na si kila dawa ni kidonge. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, na mazoezi ni miongoni mwa tiba lilizopendekeza. Mara nyingi maumivu haya hayatokani na ugonjwa mkubwa. Mtu akiumwa huogopa kujisogeza. Asipojisogeza, misuli ya tumbo, kiuno na makalio inayoshikilia uti wa mgongo hudhoofu. Ikidhoofu, maumivu huzidi. Mazoezi hukata mzunguko huo.

Mimi nimeumwa kiuno tangu mwaka wa pili wa masomo. Baada ya kupimwa, nilianza juu ya mkeka hosteli: kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio taratibu mara 10, kupiga magoti mikono ikiwa chini, kisha kunyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, na kubadilisha, kuchuchumaa na kuinuka mara 10. Nilipozoea, nikachuchumaa nimeshika dumu la maji la lita 5, baadaye la lita 10. Wiki za mwanzo misuli iliuma. Baada ya miezi mitatu hivi, Alhamdulillah, nilisimama tarawehe hadi mwisho. Maumivu hunirudia nikikaa sana, lakini hayanilazi tena kitandani.

Kwa dada zetu, haya hayahitaji jimu wala watazamaji. Chumba chenye pazia kinatosha. Kwa watu wazima, shirika hilo hilo linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Kutembea kwa haraka kwenda darasani badala ya kupanda bodaboda nako kunahesabiwa.

Tahadhari: ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikikosa nguvu, ukishindwa kuzuia haja, ukiwa na homa au kupungua uzito bila sababu, au maumivu yakianza baada ya ajali, nenda hospitali kwanza.

Bani Israil walipomkataa Talut kwa kuwa hana mali, Nabii wao aliwajibu kwamba Allah amemzidishia elimu na mwili. Sisi tumekuja chuoni kutafuta la kwanza, na la pili tunalitupa. Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, na Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada za sunna haziifuti haki hiyo, mitihani yetu itaifutaje?

Basi tutie nia. Anayejenga misuli ili asifiwe, malipo yake ni hizo sifa. Anayeijenga ili asimame mbele ya Mola wake, abebe mzigo wa mama yake na amhudumie jirani, kila tone la jasho lake lina matumaini ya thawabu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, utupe afya, na utuwezeshe kuitumia katika utiifu wako. Amin.