Wanagenzi Waliokuja na Karatasi

Mkandarasi mmoja wa Kakamega alipata kazi ya kujenga madarasa upande wa Shinyalu. Siku zilimbana na malipo yalikuwa yakichelewa, kwa hiyo alipoletewa vijana sita wa mjengo walioitwa wanagenzi, aliwapokea bila maswali. Aliyewaleta alijitambulisha kuwa mwalimu wao. Kila kijana alishika karatasi yenye picha, nembo na muhuri mwekundu. Kwa kuwa ni wanafunzi, wakapatana walipwe nusu ya ujira wa kibarua.

Hakuna aliyeisoma karatasi ile. Nembo ilifanana na ya serikali, lakini nambari ya usajili wa chuo haikuwapo, wala jina la mwajiri. Nchini Kenya mkataba wa uanagenzi huandikwa baina ya mwajiri na mwanagenzi, kisha husajiliwa na NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Chuo chenyewe nacho lazima kiwe na kibali cha TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Mkandarasi angeweza kuzipigia simu mamlaka hizo, au kufika chuo cha ufundi cha Sigalagala, kwenye barabara ya Kisumu, walimu wamwonyeshe karatasi halali inavyokuwa. Asubuhi moja ingetosha.

Wiki ya tatu jukwaa la miti likafyatuka. Kijana mmoja alikuwa juu akipanga matofali, na hakuna aliyewahi kumfundisha kukagua kamba na misumari kabla ya kupanda. Akavunjika paja. Yule "mwalimu" akazima simu. Mkandarasi akashikilia kwamba majeruhi ni mwanafunzi, si mfanyakazi wake. Haikumfaa kitu: Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Jina la kijana halikuwa kwenye bima, basi gharama za hospitali na fidia zikatoka mfukoni mwa mkandarasi.

Mimi nawahurumia zaidi vijana. Wazazi wao waliuza ng'ombe, wengine miwa ikiwa bado shambani, wakalipa karo kwa chuo kisichokuwapo. Na kinachouma zaidi ni kwamba NITA huwatahini hata mafundi waliojifunzia kazini bila kukanyaga chuo, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza. Wawili kati ya wale sita walikuwa tayari wanajua kuinua kona ya ukuta ikakubaliana na timazi. Walichohitaji ni kujiandikisha kwa mtihani.