Mbwa Kiwete na Haki ya Kiumbe Asiye na Faida

Mwenyezi Mungu anatufundisha katika Kurani Tukufu, Sura Al-An'am, ya kwamba wanyama wote watembeao juu ya ardhi na ndege warukao kwa mbawa zao ni umati mfano wetu sisi. Hakuna Mwislamu anayeikataa aya hii. Lakini kuikubali aya ni jambo moja, na kuitimiza mbele ya mnyama mwenye jeraha linalonuka, asiyeweza kutulipa chochote, ni jambo jingine. Makala hii inakusudia kujibu swali linalowasumbua ndugu wengi walioingia Uislamu karibuni na wale wanaouchunguza: Je, mbwa aliyepata kilema, asiyewinda tena wala kulinda, anayo haki yoyote juu yetu? Na je, Mwislamu aweza kumchukua, kumwuguza na kumtafutia makao bila ya kuvunja sheria ya dini yake?

Swali hili ni zito katika nchi kama Unyamwezi. Pale Usoke, kituo cha reli kilichoko magharibi ya Tabora, mbwa si pambo la nyumba. Yeye ndiye anayewafukuza nguruwe mwitu na nyani katika mahindi, naye hufuatana na mrina asali porini. Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo, kisha akasilimu, husikia kwa jirani zake kwamba mbwa ni najisi, na kwamba malaika hawaingii katika nyumba yenye mbwa. Basi wengine humfukuza mbwa wao siku ile ile waliyotamka shahada, wakidhani kwamba hiyo ndiyo ibada yao ya kwanza.

Ndugu mmoja wa huko, mrina asali, alimkuta porini mbwa asiye na mwenyewe, amenaswa katika mtego wa waya. Alimtoa, akambeba hadi kijijini, na bwana mifugo akaukata mguu uliokwisha kuoza. Mbwa akapona kwa miguu mitatu. Jirani zake wakamwambia: "Ndugu yetu, mbwa mzima umeruhusiwa kwa sababu analinda shamba. Huyu halindi kitu, basi ruhusa yako imekwisha. Mrudishe ulikomtoa." Ndugu huyo akaniuliza kama maneno hayo ni kweli.

Tuitazame sheria kwanza. Katika Sura Al-Maida, Mwenyezi Mungu ameruhusu tule mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na mbwa ni miongoni mwao. Katika Sura Al-Kahf anatajwa mbwa wa vijana wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni mwao. Mtume Muhammad s.a.w. amesema kwamba anayefuga mbwa bila ya haja hupunguza thawabu zake kila siku, lakini amewaondoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Ameamuru pia kwamba chombo alichoramba mbwa kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Wanazuoni wamehitilafiana katika kueleza amri hiyo. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake yameenea pwani yetu, alimhesabu mbwa kuwa najisi, hali Imam Malik alimwona kuwa tohara, na kuosha chombo kuwa ni ibada tu ya kutii amri.

Sasa ndugu msomaji, zingatia jambo moja. Hukumu hizi zinaeleza ni mbwa gani afugwe, akae wapi, na sisi tujitakase vipi baada ya kumgusa. Hakuna hata moja inayosema kwamba mbwa aliyejeruhiwa aachwe afe. Damu ni najisi, lakini nani amewahi kusema kwamba majeruhi aachwe njiani kwa sababu nguo zake zina damu? Mkojo wa mtoto ni najisi, na mama hamtupi mtoto, bali hufua nguo. Najisi imewekewa maji. Haikuwekwa iwe udhuru wa ukatili.

Kisha tusikilize Hadithi mbili mashuhuri. Katika moja, mtu aliyekuwa njiani alishikwa na kiu, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka alimwona mbwa anahema na kuramba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Katika nyingine, aliyefanya hivyo ni mwanamke mwenye dhambi kubwa wa Bani Israili, naye akasamehewa. Masahaba walipouliza kama wanapata thawabu hata kwa wanyama, Mtume s.a.w. akawajibu kwamba kuna thawabu katika kila kiumbe chenye uhai. Tena, katika Hadithi hizo haikuelezwa kama mbwa yule alikuwa wa kuwinda au wa kulinda. Faida yake haikutajwa hata kwa neno moja. Iliyotajwa ni kiu yake tu.

Hapa ndipo lilipo kosa la wale jirani. Wamechukua sharti la kufuga wakalifanya kuwa sharti la kuhurumia. Kufuga huuliza: "Namhitaji mnyama huyu kwa kazi gani?" Kuhurumia huuliza: "Mnyama huyu ananihitaji mimi kwa jambo gani?"

Huenda mtu akasema: "Hili ni jambo dogo. Mbwa ni mbwa." Jibu ni kwamba udogo au ukubwa wa jambo hujulikana kwa kipimo kinachotumika. Usoke iko katika upande ule ule ilikopita njia ya kale ya misafara, kutoka Tabora kwenda Ujiji, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika njia ile mtu alipimwa kwa mzigo wake. Mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa njiani, na mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa au kuuawa. Waliofanya hivyo hawakujiona wakatili, kwani walikuwa wakifanya hesabu tu: huyu habebi tena, basi hana haki ya chakula. Ni kweli kwamba mwanadamu ana heshima kubwa kuliko mbwa, na njaa ya mtoto hutangulia njaa ya mnyama. Lakini mtu anayezoea kusema "hana faida tena" juu ya kiumbe aliye mbele yake, amekwisha kushika kipimo cha msafara mkononi. Leo atampimia mbwa. Kesho atampimia mzee aliyepofuka, au mkewe aliyepooza.

Lakini huruma ya moyoni peke yake haitoshi. Dk. Livingstone, ambaye mwaka 1872 alikaa Kwihara karibu na Tabora, alikuwa na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Mnamo Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara wake ulivuka kinamasi cha Chimbwe, maji yakiwafika watu kiunoni. Livingstone alitangulia, naye hakutoa amri yoyote juu ya mbwa. Kila mtu alishughulika na kusimamisha miguu yake isiteleze, na mbwa akaogelea katikati yao mpaka akafa. Livingstone mwenyewe aliandika habari hii kwa majuto. Si kwamba Chitane alichukiwa na watu wa msafara ule. Alikufa kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeambiwa kwamba mbwa huyu ni juu yako.

Linganisha na habari aliyoiandika mwanahistoria Al-Waqidi. Mwaka wa 8 Hijria, Mtume s.a.w. akielekea Makka na jeshi la watu elfu kumi, aliona njiani mbwa jike akiwanyonyesha watoto wake. Hakutosheka na kusema "mwacheni". Alimwamuru sahaba mmoja kwa jina lake, Juail bin Suraqa, asimame pale mpaka jeshi lote lipite, asije mtu akamsumbua mbwa yule au watoto wake. Jeshi zima lilikuwa na shughuli kubwa kuliko kuvuka kinamasi, lakini rehema ilipewa mlinzi.

Basi anayemwokota mbwa kilema ajihesabu kuwa ndiye Juail wake. Na kazi hiyo ina utaratibu.

Kwanza, ampatie chanjo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kumhurumia mnyama hakuhalalishi kuhatarisha watoto wa jirani. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila ya kukawia.

Pili, amjengee kibanda nje ya nyumba na kumtengea chombo chake mwenyewe. Kwa njia hiyo sheria ya usafi inatunzwa, na mnyama naye anatunzwa.

Tatu, amtafutie makao ya kudumu, na aseme kweli juu ya kilema chake. Mtume s.a.w. alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta ndani imelowa, alimkemea muuzaji aliyeficha aibu ya bidhaa yake. Anayemtoa mbwa akaficha ugonjwa wake amemdanganya mpokeaji, na mbwa atatupwa mara ya pili.

Nne, akiisha kumtoa, aende kumtazama. Nairobi, katika eneo la Karen, kipo chama cha KSPCA kinachowapokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini kijijini, mahali pa chama na pa sheria mara nyingi ni mtu mmoja mwenye dhamiri.

Yule mrina asali alifanya hivyo. Baada ya miezi kadhaa alimpata bibi mmoja mkulima wa karanga, asiyesikia vizuri, aliyekubali kumchukua mbwa. Ikaonekana kwamba kulinda ni kazi ya masikio na koo, wala haihitaji mguu wa nne. Hivyo hata kwa sharti la kufuga, mbwa yule aliruhusiwa. Lakini tusigeuze habari hii kuwa hoja ya wale jirani. Faida hiyo ilionekana baadaye. Siku alipotolewa mtegoni hakuna aliyeijua, na kama isingeonekana kamwe, thawabu ya kumtoa isingepungua hata kidogo.

Ndugu wapenzi, sote tutasimama mbele ya Mwenyezi Mungu tukiwa hatuna faida yoyote ya kumpa, kwani Yeye ni Mkwasi asiyehitaji kitu. Siku hiyo hatutaomba tupimwe kwa kazi tuliyomfanyia, bali tutaomba rehema. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Basi anayeitumaini rehema ambayo hakuistahili, aanze yeye kuitoa kwa asiyeweza kumlipa.

Mwenyezi Mungu atupe mioyo ya kuwahurumia viumbe vyake vyote, na nguvu ya kuitimiza huruma hiyo kwa mikono yetu. Amin.