Mchagua Jembe Si Mkulima?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo kwa mvivu: anayetaka kulima hushika jembe lililopo, na anayelalamikia jembe anatafuta sababu ya kukaa kivulini. Sina ugomvi na onyo hilo. Lakini nikiitazama methali hii nikiwa mtoto wa Nyakiriba, wilayani Rubavu, naona kuna swali ambalo haikuligusa. Je, kuchagua zana imara ni suala la fedha na ustadi tu, au pia ni suala la haki kati ya mtu na jirani yake? Katika insha hii nitatetea jibu la pili.

Nichukue zana moja tu: beleshi, ambalo wengine huliita sepeto, na sisi kwa Kinyarwanda tunaliita igitiyo. Kwetu beleshi ni zana ya kupambana na fuko. Mnyama huyu huishi chini ya ardhi na hula mizizi na viazi, hata mkulima akaja kuona mmea umenyauka juu na chini hamna kitu. Ili kumkamata, watu hufukua njia yake na kuiacha wazi. Fuko hapendi njia iliyo wazi. Hurudi kuiziba kwa udongo. Anayemvizia husimama kimya, na akiona udongo unasukumwa, hukita beleshi nyuma ya fuko kwa pigo moja ili kumkatia njia ya kurudi, kisha humchimbua. Pigo likikwama kwenye jiwe, fuko amekwenda. Na katika nchi iliyo chini ya volkano za Virunga, mawe hayakosekani shambani.

Kwa hiyo wanaoijua kazi hii huchagua kwa makini. Hawaanzi na rangi, kwa sababu rangi huficha. Hutazama kwanza shingo, pale bapa linapokutana na mpini, maana nguvu yote ya kubinua jiwe huishia hapo. Beleshi dhaifu ni bati jembamba lililokunjwa na kushikizwa kwa ribiti moja. Beleshi imara, bapa na shingo yake ni chuma kimoja, na shingo hiyo hupanda mbali juu ya mpini. Kisha huligonga kwa jiwe wasikilize mlio. Chuma chenye ufa hakilii sawasawa. Mwisho huutazama mpini kwa urefu wake, kwani fundo lililo katikati ndipo utakapovunjika. Mpini si tatizo kubwa, mikaratusi ipo kila kilima. Shingo ikipasuka, ni safari ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea, na mara nyingi haiponi.

Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anamwonyesha Socrates akisema kwamba tawi la mzabibu laweza kukatwa kwa jambia, lakini hakuna kinacholikata vizuri kama kisu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kila kitu kina kazi yake, na ubora wake ni kuitenda kazi hiyo vizuri. Nakubali. Hata hivyo, mfano huo una kisu na mkono mmoja unaokishika. Kijijini, zana moja hushikwa na mikono mingi.

Kabla ya kufika huko, lazima niondoe lawama isiyo ya haki. Tuseme beleshi dhaifu ni faranga 3,000 na hudumu msimu mmoja, na lililo imara ni faranga 9,000 na hudumu misimu kumi. Katika misimu hiyo kumi, anayenunua dhaifu atatoa faranga 30,000. Wapo watakaosema kwamba maskini hajui kupanga. Si kweli. Mama zetu wanaijua hesabu hii kuliko mimi niliyeisomea. Wanachokosa ni hizo 9,000 zote kwa pamoja siku ya soko la Mahoko. Wajibu hauwezi kuzidi uwezo wa mtu, kwa hiyo simlaumu anayenunua dhaifu kwa kukosa.

Swali langu linamhusu mwenye uwezo. Kijijini kwetu kuna mzee mmoja anayemiliki mabeleshi mawili. La kwanza, zito na imara, halitoki nyumbani kwake. La pili alilinunua kwa bei ya chini, na hafichi sababu: ni la kuazimisha. Msimu mmoja mjane aliyekuwa akipoteza viazi kwa fuko aliliazima hilo la pili. Siku hiyo hiyo shingo ilikatika kwenye jiwe. Mzee alidai beleshi jipya. Mama yule hakuwa na fedha, akalipa kwa kulima shamba la mzee siku tatu, wakati wake mwenyewe likiendelea kuliwa.

Watu waligawanyika. Wengi walisema cha mtu kikivunjikia mkononi mwako, ulipe. Nao wana msingi. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka sura ya 22, aliyeazima mnyama wa jirani akaumia au kufa mwenyewe hayupo, hulipa. Katika sheria ya Kiislamu, madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Waswahili, humwajibisha mwazimaji pia, ila husamehe uharibifu uliotokana na matumizi yaliyoruhusiwa. Wahanafi huona kitu cha kuazima ni amana, na mwazimaji halipi asipovuka mipaka. Gaius, mwanasheria wa Roma wa karne ya 2, alimgeukia mwenye mali: anayeazimisha chombo kibovu huku akijua, na divai au mafuta ya mwenzake yakaharibika humo, ndiye anayewajibika.

Mimi nasimama upande wa Gaius, nami naongeza hatua moja. Mama yule hakulitumia beleshi vibaya. Alichimba nalo, na kuchimba ndiyo kazi yake. Udhaifu uliolivunja haukuanza shambani kwake. Ulianza sokoni, siku mzee alipotazama mabeleshi mawili, akajua lipi litadumu, akachagua lingine kwa sababu halingekuwa mkononi mwake litakapovunjika. Faranga alizookoa siku hiyo hazikupotea. Zililipwa baadaye, kwa siku tatu za jasho la mtu ambaye hakuwapo sokoni na hakuulizwa. Kwa lugha rahisi, alinunua kwa bei nafuu na kumwachia jirani deni lililobaki.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Ukimbebesha mzigo anayeazimisha, je, si atafunga mlango wake? Mzee hakulazimika kutoa hata hilo bovu. Na wahenga hao hao walisema mtumai cha nduguye hufa maskini. Najibu kwamba simtaki mzee atoe beleshi lake zuri. Namtaka achague moja kati ya mambo mawili: aazimishe kitu imara na adai fidia kikiharibiwa kwa uzembe, au aazimishe kitu dhaifu, aseme wazi ni dhaifu, na asidai kitu kikivunjika. Asichoweza kufanya kwa haki ni kuazimisha udhaifu na kudai uimara.

Njia nyingine iko mikononi mwetu sote. Katika vikundi vya kuweka akiba, tunavyoviita ibimina, watu ishirini wanaweza kununua mabeleshi mawili imara ambayo hakuna hata mmoja wao angeyamudu peke yake, na wakakubaliana mapema ni nani hulipa nini kinapovunjika. Utamaduni wa kushirikiana kazi tunao tayari: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwenye umuganda, zana za watu wengi huchimba mtaro mmoja. Na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 nchini na mto Sebeya kufurika hapa Rubavu, zana zilipita mkono hadi mkono kuondoa matope. Siku kama hizo anayeshika beleshi hachagui, anapokea alichopewa. Aliyelichagua alishamchagulia.

Basi methali yetu ibaki, lakini ielezwe upya darasani. Kwa aliye shambani ni kweli kwamba mchagua jembe si mkulima: ashike lililopo, alime. Kwa aliye sokoni mwenye fedha mfukoni haitumiki. Huyo na achague sana, apige chuma kwa jiwe, aikague shingo, na ajiulize ni nani mwingine atakayelishika.